Hodi ya Sekela

Ngo, ngo, ngo. Hodi!

Umesikia? Mtu akipiga hodi, wewe unajibuje?

Haya, umejibu vizuri. Basi tumeingia ndani ya hadithi.

Ndani ya hadithi kuna nyumba. Nyumba hiyo iko Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua nyingi.

Mvua ya Tukuyu haijui kupumzika. Hunyesha asubuhi. Hunyesha mchana. Halafu ikikumbuka kitu, hurudi jioni.

Para-para-para, juu ya mabati.

Ndani ya nyumba kuna cherehani. Tiriririri! Mama anashona.

Karibu na cherehani kuna kigoda. Juu ya kigoda amekaa mtoto. Jina lake ni Sekela.

Sekela ana miaka sita. Ana macho makubwa, na kicheko chenye mikwaruzo.

Anajua mambo mengi. Anajua paka wa jirani amezaa wapi. Anajua mama anaficha wapi karanga.

Ila mdomo wa Sekela hautoi maneno. Hutoa "Eee." Hutoa "Mmm." Basi, umechoka.

Sasa maneno ya Sekela yako wapi?

Yako kifuani. Yameshonwa!

Mama amemshonea aproni ya maneno. Aproni imejaa picha, na picha zote ni za vitambaa.

Kitambaa cha bluu ni maji. Sahani nyekundu ni chakula. Mto wa kijani ni kulala.

Uso wenye chozi ni inauma. Blanketi lenye mistari ni baridi. Kibanda kidogo chenye paa ni choo. Usicheke, hata wewe unakwenda.

Na pale katikati kuna mlango wa kahawia. Mlango maana yake ni "nataka kwenda nje."

Ndivyo mama alivyofikiri.

Sekela akitaka kusema, hutumia kidole.

Mkono wake mmoja hukaa umekunjika. Huo haupendi kazi. Mkono mwingine hufanya kazi, ila hauna haraka.

Kwanza unatetemeka. Kisha unapanda. Kisha unafika.

Subiri kidogo. Kidole kinakuja.

Watu wengi hawasubiri. Wana mambo yao. Kidole kikifika, wao wameshaondoka.

Nyumba ya pili ni ya akina Gwamaka.

Gwamaka ni mkubwa. Ana miaka tisa na sauti ya mwenyekiti. Dada yake ni Tusa. Na mdogo wao ni Lusajo, yule ambaye pua yake haikauki.

Shule zilikuwa zimefungwa. Basi watoto hawa watatu walijenga nyumba yao wenyewe, nje, upenuni.

Kuta zilikuwa turubai. Nguzo zilikuwa magome laini ya mgomba. Mlango ulikuwa kitenge cha maua.

Ndani walipika. Ugali wa matope. Mboga ya majani ya maboga. Chai ya maji ya mvua, haina sukari, lakini ilipulizwa kama ya moto.

Fuu! Fuu!

Na nyumba ile ilikuwa na sheria. Gwamaka ndiye aliyeitunga.

"Hakuna kuingia bila kupiga hodi!" alisema. "Anayetaka kuingia, apige hodi. Asiyepiga, akae huko huko."

Tusa alitoka nje, akarudi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Tusa!"

"Karibu ndani!"

Lusajo akatoka, akarudi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mimi mimi!"

"Karibu ndani!"

Sekela aliona yote kutoka mlangoni kwao. Aliona kitenge kikifunguka. Aliona kitenge kikifungwa.

Sekela alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuingia mle ndani.

Siku moja mvua ilipungua. Sekela alikwenda taratibu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kitenge cha maua.

Akasimama. Atasemaje hodi?

Akagonga kitenge.

Fwa. Fwa.

Kitenge hakigongeki, jamani. Kilicheza kidogo tu, kikatulia. Nguzo za mgomba nazo ni laini, hazitoi sauti. Ndani hakusikia mtu.

Sekela akasimama pale. Akasikia wenzake wanacheka. Hakujua wanacheka nini.

Mara Tusa akafunua kitenge, anataka kumwaga maji.

"He! Sekela yuko hapa!"

Gwamaka akatoa kichwa. "Anasemaje?"

Mkono ukatetemeka. Ukapanda.

Subiri kidogo. Kidole kinakuja.

Kidole kikafika kwenye mlango wa kahawia. Sekela alikuwa anasema: Mlango! Hodi! Nifungulieni!

"Ah, mlango," alisema Gwamaka. "Anataka kwenda kwao. Tusa, mpeleke."

Gwamaka hakuwa mtoto mbaya. Alisikia vibaya tu.

Tusa akamshika Sekela mkono. Akampeleka vizuri, akimkwepesha madimbwi.

"Shikamoo, Mama Sekela. Nimemleta Sekela. Alikuwa anataka kurudi ndani."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante sana, una moyo mzuri."

Sekela akakaa tena kwenye kigoda.

Tiriririri!

Akangoja kidogo. Kisha akamwonyesha mama ule mlango wa kahawia.

"Unataka nje tena, mama?" aliuliza mama. "Haya, nenda. Usikanyage matope."

Umeona kisa hiki? Ni mlango ule ule. Akiwa ndani, unamtoa nje. Akiwa nje, unamrudisha ndani.

Na Sekela yuko peke yake, ndani na nje.

Siku ya pili Sekela alifikiri sana. Mlango haukusaidia. Atumie neno lingine.

Wenzake wanapika, sivyo? Basi atasema chakula. Watajua anataka kupika nao.

Akaenda mpaka kwenye kitenge. Akangoja mpaka kikafunuka.

Mkono ukatetemeka. Ukapanda.

Subiri kidogo. Kidole kinakuja.

Sahani nyekundu!

"Ana njaa huyu," alisema Tusa. "Maskini. Twende kwa mama yako ukale."

"Shikamoo, Mama Sekela. Sekela ana njaa."

"Marahaba. Ana njaa? Si amekula sasa hivi?"

Mama akamwekea ndizi na maharage. Sekela akala. Tumbo lilikuwa limejaa tayari, na ndizi zilipita kwa shida.

Aliutaka ule ugali wa matope.

Siku ya tatu alikwenda tena. Huyu mtoto si wa kukata tamaa ovyo.

Alitaka kujaribu mlango mara nyingine. Lakini kulikuwa na baridi, na mkono ulitetemeka kuliko siku zote. Ukapanda, ukayumba, ukateleza.

Kidole kikatua kwenye kibanda chenye paa.

Lo! Choo!

"Choo!" alipiga kelele Gwamaka. "Haraka! Mbebeni! Asije akajikojolea!"

Wakambeba mbiombio. Tusa kushoto, Gwamaka kulia, Lusajo nyuma na kopo la maji.

Puta, puta, puta! Mpaka chooni.

Wakafunga mlango wa choo. Wakarudi kucheza.

Sekela akasimama mle chooni. Hakuwa na haja ndogo wala kubwa. Alikuwa na hamu ya kucheza tu.

Cheka kidogo, ruhusa. Mimi pia nilicheka. Lakini Sekela hakucheka.

Jioni alikaa kwenye kigoda. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Kule upenuni, kitenge cha maua kilikuwa kimefungwa. Kilimpa mgongo.

Sauti zilitoka. "Pakua chai!" "Imemwagika!" "Ni wewe!" "Si mimi!"

Sekela angependa hata kugombezwa. Angependa mtu amwambie, "Ni wewe, Sekela, umemwaga!"

Alikuwa mpweke. Unajua upweke? Ni pale wenzako wako karibu kabisa, unawasikia, na bado uko peke yako.

Akayatazama maneno yake kifuani. Maji. Chakula. Kulala. Inauma. Baridi. Choo. Mlango.

Ni maneno mazuri. Mama aliyashona kwa upendo. Lakini kila neno lilikuwa na njia moja tu. Lilimrudisha nyumbani.

Hakukuwa na neno la kumwingiza kwa wenzake.

Para-para-para, juu ya mabati.

Sekela akashika pembe ya aproni. Chozi likaanguka juu ya kitambaa cha maji. Hakuna aliyeona, maana pale palikuwa pa bluu tayari.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri.

Mama alikuwa anapinda gauni. Alikuwa amebana pini midomoni, nyingi, zimejipanga. Ukiwa na pini midomoni huwezi kusema kitu.

Nje mtu akaita.

"Hodi! Hodi hapa nyumbani!"

Alikuwa Mama Kisa, mwenye gauni lake.

Mama akataka kujibu. "Mmm!" Pini!

Basi akachukua rula yake ndefu ya mbao. Akaipiga juu ya meza.

Ngo! Ngo!

"Ahsante, nimeshakaribia," alisema Mama Kisa, akaingia akikung'uta mwavuli. "Leo unanikaribisha kwa rula, dada? Makubwa!"

"Mmm-mmm-mmm," alicheka mama, mdomo umefungwa.

Sekela aliinua kichwa.

Mama amesema karibu. Na mdomo wake ulikuwa umefungwa!

Mama hakusema "karibu" kwa mdomo. Alipiga tu. Na Mama Kisa akaelewa.

Sekela akasahau kumeza mate.

Mama Kisa alichukua gauni lake, akaaga, akaondoka. Mama akarudi kwenye cherehani. Tiriririri!

Sekela akashuka kwenye kigoda. Akatoka nje. Akauvuta mlango mpaka ukafungika.

Akakunja ngumi.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Karibu!" alisema mama.

Hakuingia mtu.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Karibu jamani, mlango hauna komeo!"

Hakuingia mtu.

Mama akainuka, akafungua. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye pua ya Sekela.

"Sekela! Unafanya nini kwenye mvua? Ingia ndani!"

Sekela hakuingia.

Mkono ukatetemeka. Ukapanda. Kidole kikagusa mlango wa kahawia.

"Unataka nje? Si uko nje, mama?"

Sekela akagonga mlango wa mbao. Ngo, ngo, ngo. Akagusa mlango wa kitambaa.

Akagonga tena. Akagusa tena.

Mama alitaka kusema neno. Akanyamaza. Akachuchumaa pale mlangoni, mvua ikimlowesha kilemba.

Akasubiri.

Subiri kidogo. Kidole kinakuja.

Ngo, ngo, ngo. Mlango wa kahawia.

"Hodi," alisema mama polepole. "Sekela, hii ni hodi. Unapiga hodi!"

"Eeee!" alisema Sekela. "Eeee! Eeee!"

"Na kule kwa akina Gwamaka? Siku zote hizi ulikuwa unapiga hodi?"

"Eeee!"

Mama akajishika kifua.

"Na mimi nakuambia nenda nje. Nisamehe, mwanangu. Nilikushonea mlango, nikasahau hodi."

Mama akalia kidogo. Akacheka kidogo. Halafu akasimama, akapiga vigelegele.

"Lililililili!"

Mama Kisa alikuwa bado yuko njiani na mwavuli wake. Naye akajibu, "Lililililili!"

Hakujua kuna nini. Vigelegele havijibiwi kwa maswali.

Siku ile mama aliweka pembeni nguo zote za wateja.

Akachukua kitambaa chekundu. Akakata mkono, mkono mdogo uliokunja ngumi. Akaushona juu ya mlango wa kahawia.

"Hodi haiwi kimya," alisema mama. "Hodi lazima isikike."

Akachukua kopo lake la vifungo. Akang'oa kifuniko cha bati. Akakificha chini ya ule mkono mwekundu, akakishona pande zote.

"Jaribu sasa."

Mkono ukatetemeka. Ukapanda. Sekela akagonga kwa kidole.

Nge! Nge! Nge!

Alishtuka. Akagonga tena.

Nge! Nge! Nge!

Ilikuwa sauti yake. Ilitoka kifuani kwake.

Mama akashona na picha nyingine, kando kidogo. Mlango ulio wazi, na ndani yake kitambaa cha njano, kama taa imewashwa.

"Na hii ni karibu," alisema. "Watu wakija kwako, utawajibu."

Sekela akaitazama ile njano. Akafikiri, nani atakuja kwangu? Hakuna anayekuja kwangu.

Lakini hakuwa na picha ya kusema hivyo. Akaigusa tu, polepole.

Asubuhi Sekela alivaa aproni yake.

"Nikusindikize?" aliuliza mama.

Sekela akatikisa kichwa. Hapana.

Akaenda peke yake. Hatua kwa hatua, mpaka kwenye kitenge cha maua.

Nyuma yake cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa anasikiliza.

Kitenge kilikuwa kimefungwa. Ndani walikuwa wanapuliza chai. Fuu! Fuu!

Sekela akawaza. Je, wasiposikia? Je, wakisikia, halafu wakamrudisha tena?

Mkono ukatetemeka. Ukapanda.

Subiri kidogo. Kidole kinakuja.

Nge! Nge! Nge!

Ndani chai ikaacha kupulizwa.

"Nani?" aliuliza Tusa.

Nge! Nge! Nge!

"Nani jamani?"

Kichwa cha Gwamaka kikatoka. "Ah! Ni Sekela. Anataka kwenda kwao. Tusa, mpeleke."

Tusa akatoka. Akamshika Sekela mkono.

Sekela akaona kigoda chake mawazoni. Akaona ndizi na maharage. Akaona siku nzima ya kukaa na kusikiliza.

Hapana!

Akachomoa mkono. Akasimamisha miguu kwenye matope. Akagonga kwa nguvu zake zote.

Nge! Nge! Nge!

Ndani ya nyumba ya kitenge, sauti ndogo ikajibu.

"Karibuuuu!"

Alikuwa Lusajo.

"Wewe Lusajo!" alisema Gwamaka. "Usimkaribishe! Kuna sheria. Hajasema hodi."

Lusajo akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Amepiga," alisema.

"Hajasema!"

"Wewe ulisema apige. Hukusema aseme." Lusajo akavuta kamasi. "Hodi inapigwa. Amepiga. Nimeisikia. Nge, nge, nge."

Gwamaka akakumbuka.

Sheria ilikuwa yake. Maneno yalikuwa yake. Apige hodi. Ndivyo alivyosema, kwa ile sauti yake ya mwenyekiti.

Akakuna kichwa.

"Sekela," alisema. "Siku zile zote ulikuwa unapiga hodi?"

"Eeee," alisema Sekela.

"Hata ile siku ya choo?"

"Eeee."

"Lo!" alisema Gwamaka. Masikio yake yakapata moto. "Basi tulikosea sana. Ngojeni. Tuanze upya, tufanye vizuri. Wote ndani!"

Gwamaka akaingia. Tusa akaingia. Kitenge kikafungwa, fwaa.

Sekela akabaki nje tena. Peke yake, mbele ya maua yale yale.

Mvua ikaanza. Para-para-para.

Je, kama wamesahau? Je, kama wanamtania?

Mkono ukatetemeka. Ukapanda.

Tusaidiane kugonga. Uko tayari?

Nge! Nge! Nge!

"Nani?" aliuliza Tusa.

Sekela hakuwa na picha ya "mimi." Lo, mama hakushona "mimi!"

"Ni Sekela!" alisema Lusajo. "Nani mwingine ana nge?"

Na sauti zote tatu zikasema kwa pamoja.

"KARIBU NDANI!"

Kitenge kikafunguka.

Sekela akaingia.

Ndani kulikuwa kudogo. Kulinuka matope na majani. Magoti yaligusana na magoti.

Alikuwa hajawahi kuona mahali pazuri hivi.

"Keti hapa," alisema Tusa, akampa kiti cha kopo.

Mkono ukatetemeka. Ukapanda. Sahani nyekundu.

Gwamaka akainuka. "Ana njaa, tumpeleke kwa..."

"Keti chini, kaka!" alisema Tusa. "Ana njaa ya hapa hapa."

Akampakulia ugali wa matope kwenye jani la mgomba. Sekela akajifanya kula. Nyam, nyam, nyam.

Kisha mkono ukapanda tena. Polepole. Lusajo alitaka kusema kitu, Gwamaka akamziba mdomo.

"Subiri kidogo," alinong'ona Gwamaka. "Kidole kinakuja."

Kidole kikafika kwenye uso wenye chozi.

Inauma!

"Nini kinauma?" Tusa aliogopa. "Jino? Mguu?"

Sekela akajishika tumbo. Akauangalia ugali. Akamwangalia Gwamaka, mpishi wake.

Halafu akacheka kile kicheko chake chenye mikwaruzo.

"Anatutania!" Tusa alicheka mpaka akaanguka. "Ugali wa Gwamaka unaumiza tumbo!"

"Ugali wangu?" alisema Gwamaka. "Huu ugali wangu? Mgeni gani huyu, anakula na kusema!"

Na yeye akacheka.

Lusajo akapiga makofi. Pa, pa, pa! Tusa akapiga. Gwamaka akapiga. Pa, pa, pa!

"Makofi kwa Sekela! Amepiga hodi!"

"Na ametania!" alisema Lusajo.

Pa, pa, pa!

Na Sekela naye akajipigia, kwa kidole chake kisicho na haraka.

Nge! Nge! Nge!

Kule nyumbani mama alisikia makofi. Akasikia na kile kicheko cha mikwaruzo, katikati ya vicheko vya wengine.

Akajifuta macho. Cherehani ikaamka.

Tiriririri!

Kabla ya kutawanyika, Gwamaka alisimama. Kichwa chake kiligusa turubai.

"Kuna sheria mpya," alisema. "Kidole cha Sekela kikiwa njiani, watu wote wanangoja. Hata mwenyekiti."

"Hata Lusajo?" aliuliza Lusajo.

"Hasa Lusajo."

Usiku ukaingia Tukuyu. Mvua ikarudi, imekumbuka kitu.

Para-para-para, juu ya mabati.

Sekela aliogeshwa matope. Akalala kitandani, ndani ya chandarua cheupe. Aproni ilikuwa juu ya blanketi, karibu na mkono wake. Hakukubali itundikwe.

Mama akaja. Siku zote huinua chandarua tu na kuingia.

Leo alisimama nje yake.

Chandarua nacho hakigongeki, unajua. Basi mama akasema polepole.

"Hodi."

Sekela akafungua macho.

Mtu anapiga hodi. Anapiga hodi kwake.

Mkono ukatetemeka. Mama hakuinua chandarua. Alisimama tu, akangoja.

Subiri kidogo. Kidole kinakuja.

Kikapanda. Kikapita maji. Kikapita chakula. Kikapita mto wa kijani.

Kikafika kwenye mlango ulio wazi, wenye kitambaa cha njano.

"Ahsante," alisema mama. "Nimekaribia."

Akainua chandarua, akaingia.